Udaktari Huanzia Gredi ya Tisa

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka, swali linalozunguka mitaa ya Mamboleo, Kibos na Migosi ni lile lile: amepata gredi gani? Akiambiwa B+, jirani anapiga vigelegele. Ana haki. Ila kwa mtoto anayetaka udaktari au uhandisi, B+ ni nusu tu ya habari.

KUCCPS, shirika linalowapanga wanafunzi vyuoni, huchukua masomo manne yanayohusu kozi, kila moja pointi 12, jumla 48. Kisha hutazama pointi za masomo saba, jumla 84. Kwa hesabu ya msingi, pointi za mwanafunzi hugawanywa kwa 48 na kwa 84, sehemu hizo mbili huzidishwa, jibu likatafutiwa kipeuo cha pili, halafu likazidishwa kwa 48.

Tuseme Akinyi na Odhiambo wote wana pointi 70 kati ya 84, yaani B+. Akinyi ana A ya biolojia, A- ya kemia na ya hisabati, na B+ ya Kiswahili: pointi 44. Odhiambo ana B+ ya biolojia, B ya kemia na ya hisabati, na B+ ya Kiswahili: pointi 38. Kilichompandisha ni A zake za historia na biashara. Piga hesabu: Akinyi anapata karibu 42, Odhiambo 39. Wote wametimiza sharti la chini la udaktari, ambalo ni B katika biolojia, kemia, hisabati au fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Lakini waombaji ni wengi kuliko nafasi, na ndani ya hizo pointi tatu kuna umati wa watu.

Umeona Kiswahili kimo humo? Vijana wa sayansi hukidharau, wakakesha na kemia pekee. Kwenye hesabu hii pointi ya insha na pointi ya kemia ni sawa.

Kwa mfumo wa 8-4-4, ambao kundi lake la mwisho litafanya KCSE mwaka 2027, mlango ulifungwa mwishoni mwa kidato cha pili, masomo yalipochaguliwa. Wengi waliiacha fizikia kwa sababu ni ngumu, kisha wakafika kidato cha nne wakiulizia uhandisi. Uhandisi bila fizikia haupo.

Kwa watoto wa CBE, mfumo uliochukua nafasi ya 8-4-4, uamuzi umesogea hadi Gredi ya 9. Mtoto huchagua mkondo, michanganyiko ya masomo na shule 12. Alama zinazompeleka sekondari pevu hazitoki kwenye mtihani mmoja: KJSEA ya Gredi ya 9 ni asilimia 60, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 ni 20, na KPSEA ya Gredi ya 6 ni 20. Mzazi anayeanza kuuliza maswali muhula wa tatu wa Gredi ya 9 amekuta asilimia 40 zimeshaandikwa.

Ndani ya mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, mwanafunzi huongeza masomo matatu ya kuchagua juu ya yale ya lazima. Kwa asiyejua bado kama anataka hospitali au mitambo, ushauri wangu ni biolojia, kemia na fizikia. Mchanganyiko huo ni mzito, lakini unaacha njia zote mbili wazi. Anayechukia sayansi asisukumwe humo kwa sababu ya shangazi aliye Marekani. STEM ya kulazimishwa huzaa D.

Suala la shule ndilo gumu zaidi. Maseno, iliyoanzishwa 1906, kila mtu anaitaka. Wengi wataishia shule za kutwa za karibu, na huko tofauti ni kubwa. Usidanganyike na lango lililopakwa rangi. Omba kuona maabara. Fungua bomba la gesi. Hesabu bureti na uulize ni wanafunzi wangapi hutumia moja, maana sehemu ya vitendo ya kemia hufanywa kwa mikono, na mtoto aliyezoea kumtazama mwalimu akidondosha asidi hataijua siku ya mtihani. Uliza pia jina la mwalimu wa fizikia. Ukiambiwa anatarajiwa, ipangie shule hiyo nafasi ya mwisho katika zile 12.