Daktari Mchoraji na Ngozi Yako

Leo tuzungumzie michoro, lakini msikimbie, ni mambo ya afya yenu.

Ukiona picha ya moyo au mapafu ukutani kwa daktari, huenda ni ya Frank Netter. Mmarekani huyu, aliyezaliwa New York mwaka 1906, alisomea uchoraji kwanza, kisha udaktari. Uchumi ulipoanguka miaka ya 1930, akaona brashi inamlisha kuliko kisu cha upasuaji. Alipofariki mwaka 1991 alikuwa amechora picha karibu 4,000, na kitabu chake cha anatomia cha mwaka 1989 bado kinatumika vyuoni.

Picha zake zinafundisha vizuri sana, ila watu wengi waliomo ni weupe. Mwaka 2021 Chidiebere Ibe, kijana wa Nigeria aliyekuwa njiani kusomea udaktari, alichora mtoto mweusi tumboni mwa mama mweusi. Picha ikaenea dunia nzima, kwani wengi hawajawahi kuona ya namna hiyo.

Wewe inakuhusu nini? Mimi nilisomea uuguzi Tanzania, nikaongeza huku Uingereza. Kote vitabu vilisema tafuta "wekundu". Siku moja nilimhudumia mama wa kwetu, mguu unamuuma. Nikatafuta wekundu, sikuuona. Nilipogusa, ulikuwa wa moto. Ningeamini macho tu ningemrudisha nyumbani na maambukizi.

Kwa ngozi yetu, angalia hivi:

- Maambukizi ya ngozi: sehemu huwa nyeusi zaidi au zambarau. Gusa, sikiliza joto na maumivu.
- Manjano: tazama weupe wa macho.
- Upungufu wa damu: vuta kope la chini, tazama ndani.
- Kukosa hewa: tazama midomo, ulimi na fizi.
- Homa ya uti wa mgongo: vipele tafuta viganjani, nyayoni, ndani ya kope na juu kinywani. Lakini usingoje vipele! Mtoto mwenye homa kali, aliyelegea au shingo imekakamaa, piga simu ya dharura hapo hapo.

Na usione haya mbele ya daktari. Mwambie, "Hii siyo rangi yangu ya kawaida," umwonyeshe picha yako ya ulipokuwa mzima. Simu unayo mfukoni.

Nawatakia afya njema, na mfikishieni ujumbe huu jirani.