Je, wajua? Mzunguko mmoja na chaji moja

Kwenye steji ya boda karibu na njia ya Kaya Kinondo, pwani ya kusini ya Kenya, pikipiki ya umeme huwashtua wazee kwa sababu inafika kabla ya sauti yake. Kijana anayeiendesha ana tabia moja: kabla hajakujibu, anatupia jicho kioo kidogo cha kuonyesha chaji kilicho kwenye usukani. Galu? Panda. Ukunda? Panda, na huko atabadilisha betri. Ukitaja Msambweni, anasita.

Kusita huko ndiko kulikoandika sheria za mbio za pikipiki za umeme.

Mashindano makubwa ya aina hiyo, MotoE, yalianzishwa na Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki (FIM) mwaka 2019, yakawa yanafanyika siku zilezile za mbio za petroli za MotoGP. Yalianza kwa mkosi. Machi mwaka huo, wakati wa majaribio Jerez, Uhispania, moto uliteketeza hema lililohifadhi pikipiki zote za mashindano. Kampuni ya Energica ya Italia ikalazimika kuziunda upya, na mbio za kwanza zikasubiri hadi tarehe 7 Julai, Sachsenring, Ujerumani.

Ukiambiwa mbio nzima zilikuwa fupi kiasi gani, utacheka. Mizunguko michache tu, ambayo hata kwenye uwanja mrefu kama Mugello haizidi sana safari ya kutoka Kinondo hadi kivuko cha Likoni. Na si kwamba betri ilikuwa ndogo. Ducati V21L, iliyochukua nafasi ya Energica mwaka 2023, ilibeba betri ya kilowati-saa 18, yenye uzito wa kilo 110 hivi, karibu nusu ya uzito wa pikipiki yenyewe. Roam Air, boda ya umeme inayoundwa Nairobi, hutumia betri ya kilowati-saa 3 na kitu, na bado humpeleka mtu mbali kuliko mbio nzima za MotoE. Mlaji ni upepo. Ukiongeza mwendo mara tano, hewa inakupinga mara ishirini na tano. Boda wa Kinondo anakwenda kilomita 50 kwa saa; Ducati ile ilifikia 275.

Sasa tuje kwenye mazoezi. Pikipiki ya petroli ikirudi gereji hujazwa mafuta kwa muda mfupi, ikatoka tena. Ya umeme huchomekwa kwenye chaja na kusubiri. V21L ilihitaji kama dakika 45 kufika asilimia 80, na hiyo ilihesabiwa kuwa kasi kubwa, kwa kuwa mfumo wake wa kupoza uliruhusu kuichaji papo hapo bila kungoja betri ipoe. Ndiyo maana vipindi vya mazoezi vilikuwa vifupi, na hakuna aliyezunguka ovyo ili kuonekana. Tena muda wa mazoezi haukuwa wa bure: ndio uliopanga foleni ya kufuzu, yaani kugombea nafasi za kuanzia mbio.

Kufuzu kwa foleni hiyo, kati ya 2019 na 2021, kuliitwa E-Pole, na kwangu mimi ndiko kulikokuwa kutamu kuliko yote. Aliyekuwa wa polepole zaidi mazoezini alitoka kwanza, aliyewapita wote akatoka wa mwisho, akijua muda anaopaswa kuuvunja. Kila mmoja alikuwa na mzunguko mmoja tu wa kupimwa. Ukianguka, au gurudumu likivuka mpaka wa barabara, basi. Katika mbio za petroli kuna ujanja wa kumfuata mwenzako mgongoni akukatie upepo. Hapa hukuwa na mgongo wa kujificha.

Mwaka 2022 utaratibu ukabadilishwa. Wanane bora wa mazoezi waliingia moja kwa moja kundi la pili la kufuzu, waliobaki wakagombea nafasi mbili katika kundi la kwanza, na hao kumi wakapigania nafasi za mbele. Ni haki zaidi, nakubali, kwa sababu kosa moja halikumalizi. Lakini ile hofu ya mtu mmoja peke yake barabarani ikapotea. Mashindano yenyewe yalisimamishwa baada ya msimu wa 2025.

Nilimsimulia kijana wa steji habari za E-Pole. Nilidhani ataniuliza nani alitwaa ubingwa (Matteo Ferrari, mwaka ule wa kwanza) au wanalipwa ngapi.

“Na akimaliza huo mzunguko mmoja,” akauliza, “anarudi na asilimia ngapi?”

Sikuwa na jibu. Mama mmoja akafika na kikapu, akataja Msambweni. Kijana akatazama kioo, akamwita mwenzake wa petroli.