Ohio State walichapwa kwao, wakaishia kuwa mabingwa: Hivi ndivyo kichapo husomwa

Timu ikichapwa Jumamosi, kufikia Jumatatu kila msee mtaani ni kocha. Fukuza huyu, uza yule, hii timu imeisha. Tumezoea. Shida ni kwamba kelele hizo zote hazijibu swali lenye maana: tulipigwa kwa sababu hatuwezi, au kwa sababu tulichagua vibaya?

Mechi iliyonifunza kuuliza hivyo haikuwa ya Ligi Kuu ya Uingereza. Ilikuwa ya futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mabega yaliyovimba, tena ya wanafunzi wa chuo. Usicheke. Uwanja wa Ohio State ulioko mji wa Columbus hubeba zaidi ya watu laki moja. Kasarani haifiki hapo.

Kama umewahi kutazama raga, hutapotea. Timu hupewa majaribio 4 ya kusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu, inapewa mengine 4. Unaweza kukimbia nao mkononi au kuurusha mbele, jambo ambalo kwa raga ni makosa. Ukiufikisha mwisho wa uwanja unapata pointi 6 na nafasi ya kuongeza. Ukipiga mkwaju ukapita kati ya milingoti, unapata 3.

Sasa twende Novemba 30, 2024. Ohio State walikuwa nambari 2 nchini. Wageni wao walikuwa Michigan, mahasimu wa tangu jadi, waliokuja wakiwa wameshinda mechi 6 na kupoteza 5. Wachezaji kamari waliwapa Ohio State ushindi wa karibu pointi 20. Mechi ikaisha Michigan 13, Ohio State 10. Mkwaju wa ushindi ulipigwa na Dominic Zvada zikiwa zimebaki sekunde 45. Ilikuwa mara ya 4 mfululizo Michigan kuwanyorosha. Baadaye wachezaji wa Michigan walijaribu kusimika bendera yao katikati ya uwanja, ngumi zikaanza, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Noma kabisa.

Mashabiki walitaka kichwa cha kocha Ryan Day, na hasira yao ilieleweka. Lakini hebu tuikague mechi yenyewe.

Kwanza, ngome. Michigan walipata yadi 62 pekee kwa kurusha mpira, mechi nzima. Sitini na mbili! Bao lao la pekee la kufika mwisho wa uwanja lilikuja baada ya mrushaji wa Ohio State, Will Howard, kunyang'anywa mpira hewani na Michigan kuufikisha yadi 2 tu kutoka mstarini. Hapo hata timu ya mtaa ingefunga. Ukiwafungia wapinzani hivyo na bado upoteze, tatizo haliko nyuma.

Pili, mikwaju. Jayden Fielding alikosa miwili, wa yadi 38 na wa yadi 34. Hizo ni pointi 6 kwenye mechi iliyoamuliwa na 3. Ni rahisi kumtwika kijana huyo lawama yote, ila timu iliyotabiriwa kushinda kwa pointi 20 haifai kuwa inategemea mguu wa mtu mmoja.

Tatu, na hapa ndipo penye uchungu: ushambulizi. Kwa kipindi chote cha pili hawakupata hata pointi moja. Katikati ya safu ya Michigan kulikuwa na vigogo wawili, Mason Graham na Kenneth Grant, ambao miezi michache baadaye walichaguliwa na timu za NFL katika raundi ya kwanza. Safu ya mbele ya Ohio State nayo ilikuwa imepoteza nguzo mbili kwa majeraha, Josh Simmons na Seth McLaughlin. Sasa, mahali pa kuwaepuka wapinzani ni wapi? Hapo hapo katikati. Ohio State wakaamua kukimbizia mpira wapi? Hapo hapo katikati. Waliukimbiza mara 26, wakaambulia yadi 77. Wakati huo pembeni alikuwepo Jeremiah Smith, kijana wa mwaka wa kwanza ambaye kila mtu alijua hakabiki. Aliondoka na yadi 35 tu.

Mbona wafanye hivyo? Nionavyo mimi, miaka 3 ya kuambiwa ni laini mbele ya Michigan iliwaingia kichwani. Walitaka kushinda kwa ubabe ndio wanyamazishe watu. Ukicheza ili kuthibitisha kitu kwa wanaokusema, unaacha silaha yako nzuri nyumbani na kwenda kupigana na ya mwenzako.

Msimu huo mashindano ya ubingwa yalikuwa yamepanuliwa kwa mara ya kwanza hadi timu 12. Ohio State walimaliza nambari 6 kwenye orodha ya kamati, kumaanisha kwamba chini ya mfumo wa zamani wa timu 4 wangekuwa wameenda nyumbani. Walipata bahati, na bahati pia ni sehemu ya hadithi.

Desemba 21 wakarudi uwanja ule ule dhidi ya Tennessee. Mashabiki wengi wa nyumbani walikuwa wameuza tiketi, viti vikajaa jezi za rangi ya machungwa za wageni. Kocha ni yule yule, mrushaji ni yule yule, na wale majeruhi wawili hawakuwepo. Kilichobadilika ni uamuzi: mpira ukaanza kurushwa mapema, wa mbali, kwa Smith. Robo ya kwanza ikaisha 21-0, mechi ikaisha 42-17. Howard alirusha yadi 311. Oregon, waliowafunga 32-31 mwezi Oktoba, wakala 41-21. Texas 28-14. Na Januari 20, 2025, kule Atlanta, Notre Dame wakalazwa 34-23. Dakika za mwisho Ohio State wakihitaji yadi 11, wangeweza kukimbiza mpira ili wale saa. Badala yake Howard alimrushia Smith mpira wa yadi 56. Kwisha.

Fikiria kama wenye chuo wangesikiza kelele za ile Jumamosi ya Novemba.

Mimi niliacha chuo kabla sijamaliza, kwa hivyo najua vile matokeo husomwa. Mtu anaona mstari mmoja kwenye karatasi anadhani ameona maisha yako yote. Shangazi anauliza "ulifeli?" na hataki kusikia ya karo, ya kozi wala ya kazi unayofanya sasa. 13-10 ni mstari kama huo. Ni wa kweli, haufutiki, na Michigan wataendelea kuwakejeli nao. Ila haukueleza ni nini kilikuwa kimeharibika na nini kilikuwa bado kizima.

Kwa hivyo timu yako ikilala wikendi hii, iwe Gor, Ingwe, Arsenal au ile ya chuo chenu, kabla hujaandika "kocha aende" kwenye grupu ya WhatsApp, jiulize mambo matatu. Ni sehemu gani ilifanya kazi yake hata kama tulipoteza? Ni nini kilikuwa bahati mbaya tu? Na mchezaji wetu hatari zaidi aliguswa na mpira mara ngapi? Ukipata kwamba hakuguswa kabisa, hapo una haki ya kupiga kelele. Na angalau utakuwa unajua unapigia nini.