Fahamu: Kwa nini mche bora pekee haumzuii bungua wa kahawa
Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), yenye kituo Ugano wilayani Mbinga, imewapatia wakulima aina za kahawa zinazohimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Ni kazi ya kushukuriwa. Chulebuni, iliyogunduliwa Kenya mwaka 1922, huozesha matunda mabichi yakiwa bado mtini, na gharama ya kuipulizia dawa humaliza faida ya mkulima mdogo. Lakini ukinzani huo hauhusu wadudu. Chulebuni hupenda baridi na unyevu wa milima ya Umatengo, huko huko Mbinga. Ukishuka kuelekea Kigonsera, wa kuogopwa zaidi ni bungua mweupe, mbawakavu wa asili ya Afrika anayeishi pia katika miti ya mwituni iliyo jamii moja na kahawa.

Wapo wanaosema dawa ipulizwe, yaishe. Ingefaa kama mdudu angekaa majanini. Lakini jike hutaga kwenye gome karibu na ardhi. Buu hulila gome kulizunguka shina, kisha hutoboa mti na kukaa humo muda mrefu, akisukuma nje unga wa mbao. Dawa ya majani haimfikii, na majani yakigeuka njano, mti mchanga mara nyingi hauponi tena. Ndiyo maana naamini mche bora ugawiwe pamoja na mafunzo ya kukagua mashina: kukwangua gome lililolegea, kuutafuta unga ule, kumchoma buu kwa waya tunduni mwake. Ni kazi ya kuchosha, sikatai, lakini mche wa kuziba pengo huchukua takriban miaka mitatu kuzaa.