Kipima-gazi kikionyesha sifuri, usini iko salama?



Koperative nyingi zimeanza kutumia gazi kwa kazi ya kukausha na kutengeneza mazao. Zingine zinatoa biogazi katika kinyesi cha ng'ombe na nguruwe ao katika maji machafu ya mawese. Zingine zinanunua gazi ya chupa. Katika usini za namna hiyo, fundi anafunga ukutani kisanduku kidogo kinacholia wakati gazi inavuja. Wanamemba wanatuuliza: "Kama iko inaonyesha sifuri, tuingie tu?" Jibu letu: si kila mara. Tueleze sababu.

Ndani ya kisanduku

Aina inayotumiwa sana iko na shanga mbili ndogo, na ndani ya kila moja kuna waya mwembamba wa platini. Umeme unazipasha moto sana, digrii mamia kadhaa. Shanga ya kwanza imepakwa dawa inayofanya gazi iungue bila kutoa ndimi za moto. Ya pili haina dawa hiyo. Gazi ikiingia pamoja na hewa, inaungua kwenye shanga ya kwanza tu, nayo inapita mwenzake kwa joto. Kifaa kinapima tofauti yao na kutoa namba. Jua likiwaka ao baridi ikishuka, shanga zote zinabadilika pamoja, kwa hiyo namba haichanganyikiwi.

Namba inasema nini?

Metani, ile inayowaka ndani ya biogazi, inaweza kulipuka ikifika sehemu 5 katika sehemu 100 za hewa. Kiwango hicho ndicho kifaa kinaita 100. Kwa hiyo mukisoma 20, hewa iko na metani sehemu 1 tu katika 100. Mara nyingi kengele ya kwanza inapangwa kwenye 10 ao 20, ili watu watoke mapema.

Sifuri ya uongo

1. *Hewa haitoshi.* Bila oksijeni gazi haiungui, na shanga haipati joto. Ndani ya tangi ya biogazi, gazi inaweza kujaa kabisa na namba ikabaki chini. Mutu asishuke mule kwa kuamini kisanduku hiki.

2. *Shanga imekufa.* Silikoni ya kuzibia madirisha na mabomba, pamoja na dawa za kupuliza zenye silikoni, zinaharibu ile dawa ya shanga. Gazi yenye harufu ya mayai yaliyooza, ambayo imo katika biogazi, inaidhoofisha pia. Kifaa kitaendelea kuonyesha sifuri kwa utulivu, taa yake ikiwaka vizuri.

3. *Gazi ni ya aina ingine.* Kifaa hiki kinasikia gazi inayoungua tu. Mazuku, ambayo watu wa Goma wanaijua vizuri, haiungui, lakini inaua. Hata ile ya mayai yaliyooza inaweza kuua kabla kengele haijalia. Kwa hizo kunahitajika kifaa kingine.

Kukifunga pahali gani?

Metani ni nyepesi kuliko hewa: kipima chake kinawekwa juu, karibu na dari. Gazi ya chupa ni nzito: kipima chake kinawekwa chini, karibu na sakafu. Vyote viwe karibu na mabomba na robine, mbali na mvuke na maji ya kuoshea. Muangalie pia chujio: vumbi la maganda ya kahawa ao la unga likiliziba, gazi haifikie shanga.

Kukijaribu

Kubonyeza kitufe cha kujaribu kunaonyesha tu kwamba kengele inalia. Kujua kama shanga iko hai, kunahitajika kuipulizia gazi ya chupa ndogo ya majaribio, yenye kipimo kinachojulikana. Musitumie kiberiti cha gazi: kinaweza kuharibu shanga. Mufuate kitabu cha kifaa kuhusu mara ngapi, na muandike tarehe na namba katika kaye. Namba ikiwa inashuka kila mara, shanga inazeeka. Mubadilishe mbele haijakufa.

Kengele ikilia

Musiwashe wala kuzima taa, mashini ao simu. Muzime moto kama iko karibu nanyi, mutoke wote, na mufunge robine kama iko inje. Milango ibaki wazi. Mutu asirudi kuchukua kitu, hata sanduku la feza, mpaka fundi apime.

Tunajua, muweka hazina anaona chupa ya majaribio kama gharama ya bure, kwa sababu haiongeze hata gunia moja. Lakini ndani ya usini kuna wazazi na watoto wetu wanaofanya kazi. Kwa hiyo, katika mukutano mukuu unaokuja, muulize swali moja: kipima-gazi chetu kilipuliziwa gazi ya majaribio mara ya mwisho tarehe gani? Kama kaye haina jibu, ile sifuri ukutani musiiamini bado.