Ukurasa uliochanwa katika shajara ya Ujiji

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

KILA mgeni afikaye Ujiji, kilometa chache kutoka mjini Kigoma, huonyeshwa mnara wa kumbukumbu ya Dk. David Livingstone na kusimuliwa jinsi Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alivyomkuta chini ya mwembe mwaka 1871 na kumsalimu kwa maneno machache ambayo yamekuwa maarufu duniani kote.

Jambo lisilosimuliwa mara nyingi ni kwamba katika shajara binafsi ya Stanley, kurasa zinazohusu mkutano huo hazimo. Zilichanwa.

Shajara hiyo ni miongoni mwa nyaraka zake zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, nchini Ubelgiji. Tim Jeal, aliyezipitia na kutoa kitabu cha maisha yake mwaka 2007, alihitimisha kuwa salamu ile huenda haikutamkwa kamwe, bali ilibuniwa baadaye kwa ajili ya wasomaji. Livingstone naye, katika maandishi yake kuhusu siku hiyo, anamtaja mtumishi wake, Susi, aliyekuja mbio kumpasha habari za ujio wa mgeni, lakini salamu haitaji.

Hata tarehe zinatofautiana. Stanley aliandika Novemba 10, ilhali kwa hesabu ya Livingstone ilikuwa bado Oktoba. Safari ndefu na maradhi vilikuwa vimewapotezea wote wawili hesabu ya siku.

Shajara ya Livingstone mwenyewe ina uzito zaidi. Alipoishiwa karatasi akiwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, mashariki mwa Kongo ya leo, aliandika juu ya kurasa za gazeti la The Standard la London, kwa wino wa mbegu za mmea. Wino huo ulififia kiasi cha kutosomeka, hadi mwaka 2011 watafiti walipoyafichua maandishi kwa picha za mwanga maalumu.

Humo alieleza aliyoyaona Julai 15, 1871, watu wa wafanyabiashara wa utumwa walipoufyatulia risasi umati uliokuwa sokoni, wengi wao wanawake. Waliokufa walikadiriwa kuwa mamia. Akiwa amevunjika moyo, alirejea Ujiji, ambako Stanley alimkuta.

Watafiti hao walibaini kuwa maelezo ya awali yanatofautiana na yale yaliyochapishwa mwaka 1874, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Shajara ya awali, walisema, inazua swali iwapo baadhi ya watu wa msafara wake walihusika, shaka ambayo maandishi ya baadaye yaliipunguza makali.

Tofauti hiyo si ndogo. Barua za Livingstone, zilizopelekwa Uingereza na Stanley pamoja na daftari lililofungwa kwa lakiri, ziliongeza shinikizo dhidi ya biashara ya utumwa. Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba uliofunga masoko ya watumwa.

Stanley hakubaki mwandishi wa habari. Kuanzia mwaka 1879 alimtumikia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji huko Kongo, na mwaka 1885 alitoa kitabu cha kuisifu dola mpya ya mfalme huyo. Dola hiyo ilikuja kujulikana kwa ukatili wa kuwalazimisha wananchi kugema mpira, na mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa. Msomaji anayelinganisha maandishi ya Stanley hana budi kujiuliza kila mara: haya aliyaandika kwa ajili yake, kwa ajili ya gazeti, au kwa ajili ya bwana wake?

Swali hilo linaihusu Ujiji moja kwa moja, kwani sehemu kubwa ya historia yake ya wakati huo inayosomwa ulimwenguni imetoka katika kalamu za wageni hao wawili.

Hata hivyo, maandishi ya mwisho ya Livingstone yaliokolewa na Waafrika. Alipofariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake na karatasi zake hadi Bagamoyo. Mwaka uliofuata Susi na Chuma walikwenda Uingereza kumsaidia mhariri Horace Waller kuyafafanua. Ukurasa wa jina wa kitabu kilichopatikana uliwataja Livingstone na Waller, na pia Chuma na Susi.