Danny Jordaan: Alileta Kombe la Dunia, kura zikamtoa umeya

JOHANNESBURG: Kila tupitapo Soccer City tunamkumbuka Danny Jordaan, mwalimu na mchezaji soka wa zamani kutoka Port Elizabeth. Ndiye aliyeongoza kampeni iliyoipa Afrika Kusini Kombe la Dunia la 2010, kwa kura 14 dhidi ya 10 za Morocco.

Mei 2015 ANC ikamrudisha kwao awe meya wa Nelson Mandela Bay, huku Marekani ikichunguza dola milioni 10 zilizolipwa kupitia FIFA. Alikanusha kuwa ni hongo. Urais wa SAFA hakuuacha. Kofia mbili, kichwa kimoja!

Agosti 2016 chama chake kiliambulia takriban asilimia 41, na Athol Trollip wa DA akashika umeya. Sisi tuliokimbia kwetu tulishangaa: aliyeshindwa aliondoka ofisini, akarudi kwenye soka Johannesburg.